Mgongo Unaonyooka Kitandani

Rumonge, 11 Februari 2024

Kwako yaya Samy, kaka yangu mkubwa,

Amahoro. Nakusalimu wewe, wifi Joanita na watoto. Huku sote tupo, tunapumua. Mume wangu Lukeba hajaenda ziwani wiki tatu kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya uvivu. Mwenyewe anasema ni upepo. Mwanangu Schékinah yuko darasa la tatu na anasoma Kifaransa kwa sauti mpaka kuku wanatoka ndani. Ziwa limepanda, limefika karibu na choo cha jirani, lakini watu wanasema litarudi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe tunagombana, na mama anasikia kila neno, maana nyumba ni vyumba viwili. Kwa hiyo nimempa Silvano, yule anayevusha mawese kuja Kigoma. Jibu umpe yeye.

Ni mgongo wa mama. Ulipokuja Bonane, mwaka mpya wa 2022, alikuwa ameinama kidogo. Sasa akisimama kifua kinatazama ardhi. Anaona miguu yake na miguu ya wengine, basi. Kanisani anawatambua watu kwa viatu. Juzi alimsalimia mchungaji kwa jina la mwalimu wa Schékinah, kwa kuwa wamenunua viatu vya aina moja. Watu walicheka na mimi nikacheka, halafu nikaona mama hajui tunacheka nini.

Hapa kila mtu anasema ni mizigo. Unajua Warundi wanabeba kichwani, shingo imenyooka. Sisi wa ng'ambo ya ziwa tunabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele. Wamemwona mama miaka ishirini akitoka kwenye michikichi na kikapu kwenda kwenye mashine za kukamua, na sasa wanasema bibi wa Congo amebaki na umbo la kikapu. Na wewe mwenyewe Bonane ile, kwa mdomo wako wa muuguzi, ulisema ni mizigo tu, apumzike. Amepumzika. Mgongo umeendelea.

Kikapu kile ndicho kilichokusomesha wewe. Sisemi kwa ubaya, nasema tu.

Nasikia Kigoma kuna korse za mgongo, zile za kufunga kwa mikanda. Tafuta moja. Mwezi wa kumi na moja alianguka barabarani, utelezi wa mvua, akapasuka paji la uso. Sitaki aanguke tena.

Mdogo wako,
Bora


Kigoma, 9 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa Bora,

Pokea salamu zetu nyingi. Barua yako ilifika, ila Silvano alikaa nayo siku kumi na mbili akisema aliisahau ndani ya koti. Joanita hajambo, anakusalimu na kukuuliza kama bado unapika ndagala, dagaa wenu wa huko, kwa mawese mabichi. Watoto wanakua na viatu haviwatoshi. Kazi zahanati ni ileile. Mvua zimeleta malaria na benchi limejaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Nimepata korse. Nimempa Silvano pamoja na sukari kilo tano, vitenge viwili vya mama na sabuni. Usiikaze sana. Avae saa mbili, apumzike.

Nakuomba unijibu mambo machache, bila kumuuliza yeye. Akilala chali, mgongo unalala wote kitandani au unabaki umepinda? Akitembea, mikono yote miwili inacheza? Bado anaandika orodha yake ya maombi, na kama anaandika, herufi zikoje? Ni maswali ya kawaida ya kazi yetu, usiyafikirie sana.

Kuhusu kikapu, sijasahau. Sijawahi kusahau hata siku moja.

Kaka yako,
Samy


Rumonge, 28 Aprili 2024

Yaya Samy,

Salamu. Ziwa halikurudi. Limeingia ndani ya nyumba usiku wa Jumanne na tumehama kwenda juu ya barabara, kwenye chumba na nusu. Mama tulimbeba kwenye kiti. Tuko wazima, vitanda ndivyo vimekufa. Sukari ilifika ikiwa imelowa, tuliinywa hivyohivyo.

Korse yako haikusaidia kitu. Alivaa siku tisa. Akisimama, mwili ulikuwa unapinda juu yake, na kile chuma cha mbele kikawa kinamchoma chini ya matiti. Hakusema. Mimi nikawa nakaza, nikidhani haijakaa vizuri, na kila nilipokaza alisema "murakoze, asante mwanangu". Siku ya tisa nikamwogesha nikaona vidonda viwili. Nimeitupa.

Maswali yako sasa. Mkono wa kulia unacheza, wa kushoto umebanwa kwenye ubavu. Herufi zake zinaanza ndogo na kumalizika ndogo zaidi, mwisho wa mstari ni vidudu. Na kitandani, ndiyo, mgongo unanyooka. Unanyooka wote.

Ila na mimi nina swali. Mama ana kitu cha mgongo, wewe unaniuliza habari za mikono na herufi. Mtu anayeuliza hivyo ameshaona kitu. Umeona lini? Nijibu hilo, usinitumie sukari.

Bora


Kigoma, 26 Mei 2024

Mdogo wangu Bora,

Poleni sana kwa nyumba. Huku tuko salama. Joanita amelia aliposikia mlimbeba mama kwenye kiti.

Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezichana. Nitajibu ulivyouliza.

Niliona Bonane ileile. Tulikuwa tumekaa nje tunakula mukeke. Mama alikuwa ameweka mkono wa kushoto juu ya paja, na kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha pili, taratibu, bila kuacha, kama mtu anayepukuchua mahindi. Nikamchekesha kwa hadithi ya yule padri na mbuzi, ambayo humchekesha miaka yote. Alisema "hee, Samy", lakini uso wake haukusogea. Alipoinuka kwenda ndani, mkono ule haukucheza. Miaka kumi na minne nafanya kazi zahanati, Bora. Nilijua kabla sijamaliza samaki wangu.

Ndipo ukaniuliza, mbele ya wote: yaya, mgongo wa mama una nini? Nikasema ni mizigo. Na kwa kuwa mimi ndiye muuguzi wa ukoo, hapakuwa na mtu wa kubisha. Kama mimi ningesema ni kitu kingine, mngemtafutia daktari mwaka uleule. Kinachoniuma ni hicho. Nyinyi hamkukosea kwa ujinga, mlikosea kwa kuniamini.

Kwa nini nilisema hivyo? Lawama ya mizigo nimeizoea tangu utoto. Najua namna ya kuibeba: nanunua sukari, nanunua kitenge, nakaa siku tatu, narudi Kigoma. Ugonjwa huu haukutaka sukari. Ulinitaka mimi mwenyewe, nikae naye, nimpeleke hospitali, nimpe dawa kwa saa. Nikaogopa. Nikamwacha kwako na jina la uongo.

Jina la kweli ni ugonjwa wa Parkinson. Ubongo unapunguza kile kitu kinachoamrisha mwili utembee. Misuli inakakamaa, mkono unatetemeka, hatua zinakuwa fupi, uso unaacha kucheka hata moyo ukicheka. Na kwa baadhi ya wagonjwa mgongo unapinda mbele wakisimama na kutembea, lakini wakilala unanyooka. Mgongo ulioharibika mifupa haunyooki hivyo, hata kitandani unabaki umepinda. Ndiyo maana nilikuuliza.

Mpeleke Bujumbura, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akipewa dawa, asiache ghafla hata akijisikia vizuri. Na mtafute mtu wa kine, amfanyishe mazoezi ya viungo, maana kwa mgongo wa namna hii vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Nimeomba ruhusa kazini nije, wamesema tusubiri.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Samy


Rumonge, 14 Julai 2024

Yaya,

Amahoro. Lukeba mzima, Schékinah amefaulu. Ziwa limeanza kurudi na limetuachia matope. Hizo ndizo salamu, nyingine sina.

Barua yako ilifika tarehe mbili Juni. Nilikasirika mpaka nikamwaga maji moto kwenye mguu wa Lukeba, ambaye hakuwa amefanya kitu. Nilitaka kukutukana kurasa nne. Nilianza vizuri sana. Nikafika mahali pa kuandika "ulijua ukanyamaza", na kalamu ikasimama, kwa sababu na mimi kuna nililolijua. Wiki sita nimeiacha barua chini ya godoro nikikasirika na wewe ili nisikasirike na mimi.

Sikiliza. Mimi ndiye ninayemwamsha mama kila asubuhi. Tangu mwaka jana nilikuwa namkuta amelala chali, amenyooka kabisa kuliko hata mimi, mabega yote mawili kitandani. Anaamka, anapiga hatua kumi, anaanza kupinda, na akifika jikoni ameshakuwa nusu ya mtu. Nikafikiria. Nikajiambia mgongo wa mizigo hauwezi kupona usiku na kuugua asubuhi. Mpaka hapo akili yangu ilikuwa sawasawa na ya daktari. Ila jibu nililolipata ni kwamba mama anaigiza. Anapinda barabarani ili watu wanione mimi mtoto mbaya ninayemchosha, na wewe wa Kigoma umwonee huruma.

Siku ile ya Novemba nilikuwa nimechoka, na chikichi zilikuwa zinaharibika. Nikamwambia mbele ya jirani: "Mama, ku kitanda uko muzima, ku barabara uko mugonjwa. Leo utabeba." Nikamwekea kikapu mgongoni, nusu ya kikapu, na kamba nikaiweka kwenye paji lake la uso kwa mkono wangu huu. Akasema polepole, "Bora, siko nadanganya. Kuna kitu iko inanivuta chini." Nikamjibu kitu hicho kinaitwa uvivu.

Alifika kwenye daraja dogo. Miguu ikaanza kukimbia yenyewe, hatua fupi fupi, kichwa mbele, kama imemkataa. Akaanguka na kikapu juu yake. Mvua haikuwepo siku ile, mvua niliiweka mimi kwenye barua. Yeye mwenyewe, alipokuwa anashonwa, alimwambia muuguzi kwamba kulikuwa na utelezi, na tangu hapo wote wawili tumeshikilia utelezi.

Kwa hiyo sikutukani. Sina mahali pa kusimama nikutukane.

Tulienda Bujumbura. Esanse, petroli, haipatikani, unasikia huko, tulingoja gari siku mbili na ya tatu tukapanda nyuma ya pikapu ya mtu wa ndagala, mama amelala kwenye magunia. Alikuwa amenyooka njia nzima, anatazama mawingu, anasema ni muda hajayaona. Daktari alimlaza, akamsimamisha, akamtembeza, akasema jina lilelile uliloandika. Ametoa vidonge mara tatu kwa siku. Alisema vitasaidia mkono na hatua. Mgongo unaweza kuvisikia kidogo au usivisikie. Halafu akasema kama angekuja mapema, mazoezi yangeanza kabla misuli haijachoka. Aliposema "mapema" nilitazama sakafu. Nilijua kama ungekuwepo, nawe ungeitazama.

Dawa inamsaidia. Anakunywa chai bila kumwaga. Hapa Rumonge nimepata mama mmoja wa kine, anaitwa Dusabe, mkali lakini mikono yake mizuri. Anamlaza mama kifudifudi robo saa, asubuhi na jioni. Anamsimamisha visigino na makalio vimegusa ukuta, halafu mabega, halafu anamwambia autafute ukuta kwa kisogo. Mama anautafuta. Bado haujapatikana. Fundi wa mitumbwi ametutengenezea fremu ya magurudumu yenye mikono mirefu, anaegemeza viwiko juu na kusukuma. Ile fupi ya kwanza ilikuwa inampindisha zaidi, Dusabe aliikataa.

Unakuja lini?

Bora


Kigoma, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu Bora,

Salamu kutoka kwa wote. Mtoto wa pili aliumwa masikio, amepona. Joanita ameanza kuuza maandazi mbele ya nyumba na anasema uwe mteja wake wa Burundi.

Niliisoma barua yako nikiwa zamu, nikatoka nje, mgonjwa akanifuata na kuniuliza kama nimefiwa. Bora, kikapu kile ulikiweka wewe, lakini kama nisingedanganya usingekiweka. Usikichukue chote peke yako.

Umefanya kila kitu vizuri. Endeleeni na mazoezi hata siku ambazo hamuoni tofauti. Tazama dawa, akianza kuona watu ambao hawapo au kusinzia sana, mwambie daktari, msipunguze wenyewe. Nimempa Silvano vidonge vya miezi miwili, aina ileile, na sukari.

Kuhusu kuja: ruhusa haijatoka. Pengine Desemba. Pengine Bonane. Na barabara, na esanse, unajua mwenyewe.

Nina ombi moja. Usimwambie mama kwamba nilijua. Mwambie nilikosea, kama wauguzi wanavyokosea. Hilo siwezi kumtazama nalo.

Samy


Rumonge, 13 Oktoba 2024

Yaya Samy,

Amahoro. Sisi wazima. Tumerudi kwenye nyumba yetu, kuta zina mstari wa maji unaonifika kiunoni. Lukeba amekwenda ziwani usiku tisa mfululizo bila kusingizia upepo, kwa hiyo ujue dunia inabadilika. Mwambie Joanita maandazi ayapitishe kwa Silvano, na ayahesabu, maana Silvano anakula.

Nikupe kwanza habari ya mkoba, ndiyo imenifanya niandike.

Mwezi uliopita Dusabe alisema kuna wagonjwa wa mgongo wa namna hii ambao husaidiwa na mzigo. Nilimwangalia kama amepata homa. Akaeleza: mkoba mdogo, mikanda ya mabegani imeachiwa mirefu, ukining'inia chini kabisa kwenye makalio, una uzito kidogo. Unavuta nyuma, na mwili unajifunza kurudi. Si kila mtu unamsaidia, na si dawa, ila kujaribu hakuui. Tukachukua mkoba wa zamani wa shule wa Schékinah, tukatia mchanga kilo mbili.

Nikauleta uani. Mama alikuwa amesimama na fremu yake. Aliona miguu yangu, na aliuona mkoba ukining'inia kando ya miguu yangu, umejaa. Aliachia fremu mkono mmoja, akainamisha kichwa zaidi ya kilivyokuwa kimeinama, na akanisogezea paji la uso ili niweke kamba.

Yaya, nilikaa chini kwenye vumbi. Dusabe hakuelewa, alidhani nimezimia. Kovu lake lilikuwa mbele ya macho yangu. Nikamwambia, "Mama, hapana. Hapana kamba. Siyo ile." Nikamwambia na yale mengine yote hapohapo, kwamba nilimwita mwongo na yeye alikuwa anasema kweli, na mvua haikuwepo. Nililia na kamasi. Aliweka mkono wake unaotetemeka juu ya kichwa changu, akasema, "Najua mvua haikuwa. Miye ndiye nilikuwa mu barabara." Halafu akasema niweke mkoba basi, mchanga usije ukaota majani.

Tukamvika. Dusabe akavuta mikanda ikashuka chini. Mama akasimama kidogo, akapumua, na nikaona mabega yanarudi nyuma, polepole sana, halafu shingo. Hakunyooka wote, nisikudanganye. Lakini alifika usoni kwangu. Tulikuwa tumesimama sote wawili, na mama ananitazama machoni, mara ya kwanza tangu sijui lini. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Bora. Umekonda. Nani iko anakupikia?"

Ilidumu kama dakika nane. Siku hizi inafika robo saa, siku nyingine hata tano haifiki. Jumapili alikwenda kanisani na mkoba wake, akamtambua mchungaji kwa uso na kumwambia amezeeka.

Sasa ombi lako. Sikulitimiza. Nilikaa nalo wiki tatu, na kila nilipotaka kumwambia "Samy alikosea" nilikumbuka utelezi. Nimechoka na mvua ambazo hazikunyesha. Nilimsomea barua yako ya Mei, yote, mpaka samaki. Hakushtuka. Aliomba kalamu. Alichukua asubuhi nzima, na nimekubandikia karatasi yake hapa chini, ila kwa kuwa herufi zinakuwa vidudu, nimezinakili kama alivyoziandika. Mstari wa mwisho nilihitaji miwani ya Lukeba.

Bora

"Samy mwanangu. Siku ile ya Bonane niliona macho yako juu ya mukono yangu. Nikaificha mu kitenge sababu sikutaka kukuharibia samaki. Wewe ulinyamaza na miye nikanyamaza, tulikuwa wawili. Mizigo haikunipinda. Ile mizigo nilibeba na furaha. Kuja. Sasa niko naweza kufika ku uso ya mutu. Usilete sukari."